Mama wa Bi Harusi Kalala

Watu wa Ujiji wana huruma nyingi kwa mgonjwa anayeonekana. Vunja mguu, utaletewa uji mpaka uuchukie. Vimba uso, watakupisha kwenye kiti chenye mto. Lakini ukiwa na miguu yako miwili mizima na uso wako ule ule, kisha ukasema umechoka na uchovu hauondoki, watakutazama kama mtu anayekwepa zamu ya kuosha vyombo. Mimi nimetazamwa hivyo kwa miaka, na sasa najua kuwatazama vilevile.

Ilianza na homa. Siku hizo nilikuwa mchuuzi wa dagaa kule Kibirizi, upande wa pili wa mji, ambako mitumbwi hurudi alfajiri kutoka kuvua. Nilinunua dagaa wabichi, nikawaanika, nikawageuza juani, nikawauzia wenye malori. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti yetu mmoja alikuwa shule, na mwili wangu ulikuwa kama wa punda. Homa ikaja, nikanywa dawa, homa ikaondoka. Nguvu nazo zikaondoka nayo, hazikurudi. Nilipimwa malaria, nikapimwa taifodi, sukari, damu, na kile kipimo ambacho watu hunong'ona wakikitaja. Kila mara naambiwa, "Mama, uko sawa." Niko sawa, na nimeshindwa kubeba ndoo nusu kutoka bombani hadi mlangoni.

Aliyenipa jina la ugonjwa wangu ni daktari mmoja kijana mwenye sauti ya chini. Akasema ni uchovu sugu. Akasema hana dawa ya kuuondoa, ila ana onyo: nikijikaza leo, mwili hautanidai leo, utanidai kesho kutwa, na siku hiyo hata kikombe cha chai kitakuwa kizito. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu, nikawaambia ndugu jina la ugonjwa, nao wakacheka. "Uchovu? Basi sote tunaumwa." Tangu siku hiyo sijacheka tena na wale waliocheka.

Sasa, mtu atadhani aliyechoka hivyo angalau hulala. Laiti. Mimi nalala kama mtu anayevuliwa nguo na kuvalishwa usiku kucha. Nikifumba macho, moyo unaanza kwenda mbio kama nimepanda kilima cha Mwandiga. Nikishika usingizi, unakatika. Naamka saa nane, naamka saa tisa, nakikodolea macho chandarua na kuwasikia mbwa wa mtaa mzima wakibishana. Usingizi wenye uzito, ule ambao ukinishika hata nyumba ikiungua sitajua, hunijia saa mbili asubuhi, jua limeshapanda na wanawake wenye akili zao wameshafagia uwanja. Nao hata ukinijia hauniponyi. Naamka nimechoka kama nilivyolala, tofauti ni kwamba naweza kusimama. Bila huo, siwezi.

Kwa hiyo nikajifunza kuishi nao. Naoga nimekaa kwenye kigoda. Namenya viazi kitandani. Chai ya majani siinywi baada ya adhuhuri. Asubuhi najifunga kanga machoni, naziba masikio kwa pamba, nalala chumba cha uani ambacho kuta zake ni nene. Hata usingizi usipokuja, nalala kimya bila kugeuka, maana kugeuka nako ni kazi. Dagaa siku hizi nauza wakavu tu, kwa vifurushi, nimekaa kibarazani mwangu kuanzia alasiri, na mteja akitaka kupiga soga namwambia atafute kwingine.

Kinachoniua si usiku. Ni "hodi". Desturi yetu ni kwamba mgonjwa huendewa, na mgonjwa huendewa asubuhi, kabla watu hawajashikwa na shughuli zao. Ndiyo saa yangu ya kulala. Wanabisha, wanabisha tena, wanaingia hadi chumbani, wananitikisa bega na kuniambia, "Tumekuja kukuona, lala tu, usiamke." Wameshaniamsha, ndipo wananiruhusu kulala. Halafu kila mmoja ana dawa yake. Mlonge. Asali na vitunguu saumu. Kufanya mazoezi. Kuolewa tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kwangu kila mtu anawajua kunguni wangu kwa majina.

Basi binti yangu akachumbiwa. Mchumba ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha kaskazini, mwambaoni, kule ambako kutoka mjini unafika kwa boti tu. Kijana mzuri, mpole, anaongea na wazee akiwa ameinamisha kichwa. Nilimpenda. Jioni moja binti yangu akaja kukaa miguuni pangu, akashika unyayo wangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Mama," akasema, "mimi kwenye harusi hii sitaki kingine. Nataka asubuhi ya kuondoka unisindikize mpaka kwenye boti. Uwe umesimama."

Sababu niliijua. Siku aliyomaliza chuo wazazi wa wenzake walikuwa wamejaa uwanjani na mashada ya maua, na mama yake alikuwa amelala Ujiji, hawezi kuinua shingo. Alileta picha baadaye. Kwenye picha amesimama na mama wa mtu mwingine.

Nikamwahidi. Kuanzia hapo mwezi mzima nikajitunza kama mahindi ya mbegu, ambayo hata njaa ikiingia huyagusi. Sikufua. Sikwenda sokoni. Sikwenda hata msibani, na kutokwenda msibani Ujiji ni jambo ambalo watu watalisimulia kwa wajukuu wao. Kila asubuhi nilifunga mlango wa chumba cha uani na kulala usingizi wangu wa saa mbili, na taratibu nikaanza kuhisi kama mtu. Wiki moja kabla ya harusi niliweza kutembea hadi msikitini na kurudi bila kushika ukuta. Nilifurahi kiasi cha kuogopa.

Ndipo wifi yangu akaja kutoka Mwandiga.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Ni mwanamke wa kazi, siwezi kumnyima hilo. Analima, anasaga, anauza mawese, anasuluhisha ndoa za watu ambao hawakumwomba. Nyumba ninayoishi yeye huiita nyumba ya kaka yake. Aliteremka na masanduku, magunia ya unga wa muhogo, madumu ya mawese, na wanawake wanne wa ukoo. Jioni ile ile chumba cha uani kilikuwa na mikeka minne na masanduku hadi dirishani. Kitanda changu kilihamishiwa chumba cha mbele, kinachotazama barabara.

"Wewe ni mwenyeji," akaniambia. "Mwenyeji huwapisha wageni."

"Mgeni siku mbili," nikamjibu, "ya tatu mpe jembe."

Akacheka, akanipiga begani. Alidhani ni utani wa mawifi.

Kesho yake saa mbili asubuhi, nimeshajifunga kanga machoni, nasikia *du, du, du* kwenye mfupa wa kichwa. Kinu. Alikuwa ameweka kinu cha kisamvu chini ya dirisha langu, uwanja mzima ukiwa mtupu. Nikatoka nikamwomba asogee. Akaendelea kutwanga.

"Yewe wifi, ukilala mchana, usiku utalala nini?" akasema. "Ndiyo ugonjwa wako huo. Umegeuza siku. Mimi nitakurudisha kwenye njia."

Akaamua kunitibu. Sikumwomba. Kila nilipojilaza alituma mtu. Mara chumvi iko wapi, mara mzee wa kamati ya harusi anataka kunisalimia, mara niamke nionje mchuzi wa samaki wa migebuka kama mawese yamezidi. Siku nzima nyumba iliita jina langu. Usiku wageni walizungumza barabarani hadi nikazijua shida zao zote. Ile akiba yangu ya mwezi mzima ilikwisha kama dagaa walioachwa bila mlinzi mbele ya kunguru. Siku ya nne nilimwaga chai kwenye kanga yangu na nikalia mbele za watu, na mwanamke mmoja wa ukoo akasema ni uchungu wa kumtoa mwana. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kisha likaja suala la kesha. Kwetu, usiku wa kuamkia safari ya bi harusi, wanawake hawalali. Wanaimba, wanapiga vigoma, wanamfunda, wanakunywa chai ya tangawizi hadi kuche. Mama wa bi harusi hukaa mkeka wa katikati, na macho yote yako kwake, kwa sababu mama asiyekesha, wanasema, hakuzaa kwa uchungu. Wifi alinijia na habari hiyo kama mtu anayenipa zawadi.

"Mkeka wa katikati ni wako," akasema. "Nimeshapanga."

"Sitakaa. Nitalala."

Safari hii hakucheka. "Mtoto anaolewa mara moja."

"Na boti inaondoka mara moja. Nikikesha, asubuhi sitasimama. Nataka niwe pale boti inapoondoka."

"Kila mtu atachoka. Kuchoka hakujaua mtu. Jikaze."

"Nimejikaza miaka yote hii. Wewe hujui nimejikaza kiasi gani ili nisikutupie kile kinu."

"Watu watasema, wifi."

"Waseme. Wakimaliza waje waniamshe."

Akasimama katikati ya nyumba ya kaka yake, akawaambia wanawake wote waliokuwa wakichambua mchele kwamba mama wa bi harusi anataka kulala. Kulala, usiku wa mwanawe. Mikono yao iliacha kuchambua, basi.

Nikaenda chumba walichomweka binti yangu. Alikuwa amepakwa hina, mikono ameinyoosha mbele ili isiharibike, na nilijua amesikia kila kitu kwa sababu ukuta ule haufiki paa. Nilitaka kumweleza. Hakuningoja.

"Mama, mkeka sitaukumbuka," akasema. "Boti nitaikumbuka. Nenda kalale."

"Shangazi yako atakutangaza."

"Atanitangaza nikiwa mbali."

Nina rafiki mmoja anayekaa Bangwe. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye kazaliwa hapa, na tuliuza dagaa pamoja enzi za mwili wangu. Watoto wake wamekwenda zao, nyumba iko kimya. Huyu ndiye mtu pekee ambaye nilipomwambia jina la ugonjwa wangu aliniuliza swali moja tu: "Unataka nifanye nini?" Nilimpigia simu, na nilipofika kwake jioni ile kwa bajaji nilikuta amefunga dirisha kwa blanketi. Jogoo wake alikuwa amemtia tengani na kumpeleka kwa jirani wa tatu.

"Lala, mama," akaniambia. "Miye niko hapa ku mlango. Mwenye atabisha hodi, atanikuta."

Akaweka kiti chake nje, akakaa.

Ningependa kusema nililala fofofo. Sikulala hivyo. Mwili huu hauna shukrani. Moyo ulikimbia, nikaamka, nikahesabu mbao za dari, nikalala, nikaamka nikiwaza mkeka wa katikati ulivyokaa mtupu na wanawake wakiuzunguka wakiimba. Niliona aibu, na niliona hasira kwa kuona aibu. Lakini kuelekea asubuhi kilikuja kipande kimoja cha usingizi mzima, hakina ndoto wala mbwa, na nilikuwa bado ndani yake rafiki yangu aliponishika kidole gumba cha mguu. Hakunitikisa. Alikishika tu mpaka nikarudi mwenyewe.

"Ni saa," akasema.

Kibirizi kulikuwa kumeshachangamka. Wachuuzi walikuwa wakimwaga dagaa kwenye vichanja, harufu ile ile, kelele zile zile, na baadhi walinitambua wakaniita kwa mbali. Boti ya abiria ilikuwa imeelea mbali kidogo na ufukwe, imeshapakiwa magodoro, kreti za soda na mabati. Nilisimama mchangani. Miguu ilikuwa yangu. Nilimwambia rafiki yangu asinishike, naye akaacha kunishika, ila hakusogea mbali.

Wanawake wa kesha walifika na bi harusi, sauti zimewakauka, macho mekundu, wengine wakipepesuka. Mmoja alinitazama juu hadi chini.

"Mama wa bi harusi umelala salama?"

"Salama kabisa," nikasema. "Na wewe umekesha salama?"

Binti yangu hakusubiri adabu ziishe. Alitoka katikati yao na mikono yake ya hina, akaja akanishika, na tulikwenda. Boti za kwetu hazina ngazi, abiria huingia majini kwa miguu. Niliingia naye hadi magotini, maji ya asubuhi ni baridi, kanga yangu ikalowa, na nikamshika kiwiko mpaka mabaharia wawili walipomnyanyua. Alipokaa alinitazama. Nilikuwa nimesimama. Alihakikisha, kisha ndipo akalia. Sikulia. Nililihitaji kila tone la nguvu kwa ajili ya kubaki wima hadi boti igeuke.

Kabla injini haijawashwa akapaza sauti, "Shangazi yuko wapi? Sijamuaga."

Wanawake wakatazamana.

"Shangazi yako kalala," mmoja akajibu kwa upole. "Masikini, kachoka. Kakesha usiku kucha. Tumeona tumwache apumzike."

Na wote wakaitikia kwa huruma, masikini, kachoka, amefanya kazi sana, aachwe. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyeuliza, akilala mchana, usiku atalala nini. Boti ikageuka, ikaenda, nikapunga mkono mpaka siwezi kutofautisha kanga yake na mzigo. Hasira ilinipanda kutoka kwenye maji yale, na nadhani ndiyo iliyonifikisha kwenye bajaji.

Nyumbani watu walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole. Nawaambia, nyumba ile ile. Watoto waliokuwa wakipiga mpira kwenye ukuta wangu wiki nzima walikuwa wamefukuzwa. Kinu kilikuwa kimelazwa ubavu, mbali, nyuma ya choo. Mwanamke mmoja wa ukoo alinikuta mlangoni na kidole midomoni.

"Polepole," akanong'ona. "Wifi yako kalala."

Chumba cha uani kilikuwa bado kimejaa masanduku. Nilijua kwamba nina muda mfupi tu wa kufika kitandani kabla sijaanguka mbele za watu. Nikafungua chumba cha mbele. Walikuwa wameteremsha pazia. Walikuwa wamemfunika kanga mpya. Juu ya kitanda changu, kichwa kwenye mto wangu, mdomo wazi, wifi alikuwa akikoroma.

Niliegemea mlango nikamtazama. Hata mimi niliona kwamba kachoka. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa kusimama, na usoni alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. Mtu mwenye moyo mzuri angechukua mkeka akalala sebuleni. Mimi nilikwenda nikamshika bega, nikamtikisa kama nilivyotikiswa.

"Wifi. Amka. Ukilala mchana, usiku utalala nini?"

Macho yakafunguka. Alinitazama bila kunijua, halafu akanijua. Akajaribu kuinuka, mkono ukamkatalia, akarudi chini. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi.

"Nimechoka, wifi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekiri jambo. "Mwili wote. Siwezi."

Hilo neno nimelisema katika nyumba hii mara ngapi, na leo ndiyo nimelisikia likisemwa na mtu mwingine.

"Najua," nikamwambia. "Toka kitandani kwangu."